Vidonge Alivyovitupa Fakihi

Fakihi na mkewe Fatu walikuwa na shamba la mikorosho nje kidogo ya mji wa Newala. Katikati ya mikorosho walipanda muhogo na mbaazi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti, wakamwita Rukaiya. Rukaiya alikuwa na cherehani yake sokoni, akishona nguo za watu. Majirani waliwaita wazazi wake Baba Rukaiya na Mama Rukaiya.

Maisha yao yalikuwa ya kawaida. Alfajiri Fatu alikoka moto na kubandika uji. Fakihi alikwenda kuangalia mikorosho. Jioni walikula pamoja, watu watatu, sahani moja.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, Fakihi alikuwa uani akitengeneza bomba la kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Upepo wa baridi ulikuwa unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Fatu alichota maji kidogo kwenye kata akainama kunawa uso. Ghafla kata ikamponyoka. Akashika shavu la kushoto, akabaki amesimama kama mti.

"Vipi?" Fakihi aliuliza.

"Sijui," Fatu alisema. "Kama nimechomwa na kitu cha moto. Hapa, mpaka kwenye taya."

"Mdudu?"

"Si mdudu. Kimekuja na kimeondoka."

"Ni baridi hiyo," Fakihi alisema, akarudi kwenye bomba lake.

Siku ya tatu kile kitu kilirudi. Kikaanza kuja kila siku. Kilipita shavuni kama radi, mara moja, kikaisha, kikapita tena. Kikimshika, Fatu hakuweza hata kulia, maana kulia kulimzidishia. Alifumba macho na kusubiri.

Watu walisema ni jino. Fakihi naye aliona ni jino. Akampeleka kwa fundi meno mmoja aliyekuwa na chumba chake barabarani. Fundi akang'oa jego la juu. Maumivu yakabaki palepale. Baada ya wiki tatu akang'oa la pili. Mwezi wa kumi akang'oa la tatu.

Jino hilo la tatu lilitoka zima, jeupe, halina hata tundu. Fakihi alilishika kiganjani, akaligeuzageuza.

"Hili lilikuwa bovu wapi?" aliuliza.

Fundi alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Fatu alikuwa hatafuni tena. Alikunywa uji uliopoa, ameinamisha kichwa upande wa kulia, akiumeza polepole. Upande wa kushoto hakuchana nywele. Akitoka nje alijifunika kanga uso mzima, upepo usije ukampiga hata kidogo. Kuzungumza kulimwamshia maumivu, basi akaacha kuzungumza. Alionyesha kwa mkono: lete maji, funga mlango, niacheni. Vidonge vya maumivu vya dukani alivimeza mpaka tumbo likamuuma, na shavu halikujali.

Alikonda. Kanga ilimzunguka mara mbili. Wanawake waliokuwa wakija kumsalimu wakapungua, maana mtu asiyejibu huchosha. Wengine walinong'ona kwamba Mama Rukaiya ana jini.

Na Fakihi, tuseme kweli, kuna siku alimshuku. Hapakuwa na jipu. Hapakuwa na homa wala damu. Alimtazama mkewe amekaa kitako siku nzima wakati palizi inamngoja, akajiuliza moyoni: "Hivi kweli anaumwa kiasi hicho?" Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fakihi hakuwa amekilalia.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Fatu alimwita kwa mkono. Fakihi akasogea. Fatu alizungumza kwa kujilazimisha, midomo ikicheza kidogo tu.

"Baba Rukaiya, nimechoka."

"Pumzika. Leo sikupeleki shamba."

"Sikuchoka kazi," Fatu alisema. "Nimechoka kuwepo."

Fakihi alitoka, akavuka ua, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Sophia.

Sophia, au Mama Godwin, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita nyumba kwa nyumba, akipima watoto uzito na kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki. Alikuwa anaanua nguo.

"Shikamoo, Baba Rukaiya."

"Marahaba. Mama Godwin, njoo umwone mwenzako. Amesema neno baya."

Alimweleza. Sophia akaziacha nguo kambani.

"Neno hilo haliachwi lipite," alisema. "Si la kumgombeza, wala si la kumwambia ajikaze. Kwanza, leo asibaki peke yake hata kidogo. Pili, zile sumu za mikorosho mnaweka wapi?"

"Chumbani, chini ya kitanda."

"Zilete kwangu sasa hivi. Zote."

Fakihi alizileta. Kisha Sophia akaingia kwa Fatu, akakaa chini karibu naye, upande wa kulia. Hakumgusa uso.

"Nitauliza, wewe tikisa kichwa tu," alisema. "Maumivu yanakuja kama umeme, yanapiga na kuacha?"

Fatu alitikisa kichwa: ndiyo.

"Ukinawa? Ukitafuna? Upepo ukikupiga?"

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Upande mmoja tu?"

Ndiyo.

Sophia akamgeukia Fakihi. "Mimi si daktari. Lakini kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba kuna maumivu ya neva. Hayasikii dawa za kawaida za maumivu. Upande wa Masasi kuna hospitali yenye daktari anayeyajua. Kesho mwende. Na lile neno la leo mwambieni daktari, msimfiche."

Safari ya Masasi ilikuwa ngumu. Kila gari liliporuka kwenye shimo, Fatu alimkamata Fakihi mkono, na kucha zake zikaacha alama. Fakihi hakuutoa mkono.

Daktari aliitwa Lameck. Alikuwa kijana, pengine umri wa Rukaiya. Aliwaamkia, akasikiliza habari yote, tangu ile kata ya maji mpaka ushauri wa Mama Godwin. Akamulika mdomo wa Fatu kwa tochi, akaona mapengo matatu. Akachukua pamba kidogo, akamgusa nayo shavuni. Fatu akaruka kama aliyepigwa kofi.

"Samahani sana, mama," daktari alisema. Aliweka pamba chini. "Meno yako hayakuwa na kosa. Ugonjwa uko kwenye neva ya uso."

"Neva ni nini?" Fakihi aliuliza.

"Mwilini tuna nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kwenye ubongo. Ukikanyaga mwiba, neva ndiyo inayopeleka habari kwamba mguu umechomwa. Sasa neva ya uso wa mama imechubuka, kama waya wa umeme uliochubuka ngozi yake. Upepo kidogo tu ukimgusa, inapeleka habari kwamba uso unaungua. Uso hauungui. Lakini maumivu ni ya kweli. Ni katika maumivu makali kabisa anayoweza kuyapata binadamu."

Fakihi aliinamisha kichwa. Fatu alikuwa analia bila sauti. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba maumivu yake ni ya kweli.

Kisha Fakihi akalisema lile neno la mkewe. Daktari Lameck hakushtuka. Alivuta kiti, akazungumza na Fatu polepole, akamwuliza kama bado anawaza kujidhuru. Fatu akaonyesha kwa vidole: kidogo.

"Maumivu yanaweza kumfikisha mtu hapo," daktari alisema. "Tukiyashusha, mara nyingi na mawazo hayo hushuka. Lakini nyumbani wawe karibu na wewe. Na yakikuzidi usiyafiche. Mwite Mama Godwin au njoo hapa, siku yoyote."

Alimpima damu. Alipoona majibu ni mazuri, akaandika dawa.

"Inaitwa kabamazepini," alisema. "Na nawaambia mimi mwenyewe, msije mkaambiwa na watu wa nje. Hii ni dawa ya kifafa."

Fakihi alinyanyua uso. "Mke wangu hana kifafa."

"Hana, baba. Kifafa ni umeme wa ubongo unaoruka ovyo. Dawa hii inautuliza. Ikaonekana kwamba inatuliza pia umeme wa neva iliyochubuka. Dawa ni moja, kazi ni mbili. Ni kama panga. Leo unakatia kuni, kesho unafyekea shamba."

Akawaeleza namna ya kutumia. Aanze na nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Daktari ataongeza kidogo kidogo mpaka maumivu yatulie.

"Hii si dawa ya kumeza ukiumwa na kuacha ukipoa," alisema. "Inamezwa kila siku, hata siku ambayo huna maumivu. Siku za kwanza utasikia usingizi na kizunguzungu. Usikae karibu na moto peke yako, usipande popote. Pombe usiguse. Dawa nyingine yoyote, hata ya mitishamba, niulize kwanza, kwa sababu hii inagombana na dawa nyingi."

"Na ikimdhuru?" Fakihi aliuliza.

"Swali zuri, baba. Akitoka vipele mwilini, au vidonda mdomoni, au homa na koo kuuma, au macho kuwa ya njano, asimeze tena. Aje hospitali siku hiyohiyo. Hilo ni jambo la hatari, halisubiri kesho. Lakini kama hakuna dalili hizo, asiache dawa kwa kujiamulia. Asiache ghafla. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," Fakihi alisema. Na wakati ule aliamini kwamba ameelewa.

Siku nne za kwanza Fatu alitembea akishika ukuta. Siku ya sita alikunywa uji bila kuinamisha kichwa. Sophia alikuja kila asubuhi, akamtazama ngozi na mdomo, akaona hakuna kipele. Daktari alimwongezea dawa. Wiki ya tatu ilipoisha, Rukaiya alirudi kutoka sokoni akamkuta mama yake jikoni anatafuna mbaazi. Binti akaweka mfuko chini, akakaa, akamtazama tu.

Mwezi wa nane na wa tisa ilipita hivyo. Vidonge vya kila mwezi Fatu alivichukua palepale Newala, siku ya kliniki ya wagonjwa wa kifafa, maana ndipo dawa ile ilipotolewa. Alikaa kwenye benchi pamoja nao.

Mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka, ilikuja posa. Kijana aliitwa Khalidi, mwalimu wa shule ya msingi kule Nanganga. Rukaiya alimpenda. Mjomba wake Khalidi ndiye aliyekuja kuzungumza, mara ya kwanza na mara ya pili. Mara zote mbili alikaribishwa vizuri. Mara ya tatu alikuja bila kutarajiwa. Hakugusa chai.

"Mzee mwenzangu," alimwambia Fakihi, "kuna mtu wetu alikuwa kliniki. Amemwona mama wa binti kwenye benchi la wenye kifafa, akichukua dawa."

"Hapa hakuna kifafa," Fakihi alisema.

"Basi dawa ni za nini?"

Hapo Fakihi angeweza kusema. Maneno ya daktari aliyakumbuka yote, neva, na waya, na panga. Lakini aliona aibu. Aliona kwamba hata akieleza, mtu huyu ataondoka na neno moja tu, kifafa.

"Huyo mtu wenu amefananisha," alisema.

Mjomba alisimama. "Tutasubiri tuone," alisema, akaondoka.

Fakihi aliingia ndani. Fatu alikuwa amesikia kila kitu.

"Vile vidonge uache," Fakihi alisema.

"Daktari alisema nisiache."

"Umeshapona. Mwezi wa pili huu hujashikwa."

"Sijashikwa kwa sababu ninameza."

"Mama Rukaiya, tuna mtoto mmoja. Unataka azeekee kwenye cherehani kwa sababu ya benchi lile?"

Fatu akauliza taratibu, "Na yakirudi?"

"Hayatarudi."

Alikichukua kikopo cha dawa juu ya kabati. Vidonge vilikuwa bado vingi. Akaenda nacho chooni, akavimimina vyote shimoni. Alipotoka alimwona Rukaiya amesimama mlangoni. Akampita bila kumweleza.

Siku ya tatu maumivu yalirudi.

Fatu hakumwambia mtu. Hili ndilo jambo ambalo Fakihi, mpaka leo, akilikumbuka hushindwa kumaliza chakula chake. Fatu aliumwa siku tatu nzima kimya kimya, akimgeuzia mumewe upande wa kulia, akisema ameshiba, akisema ana usingizi. Alikuwa anakinga posa ya mwanawe.

Siku ya sita Fakihi alikuwa shambani akiokota korosho. Alimwona Rukaiya anakuja mbio katikati ya miti, hana viatu.

"Baba, njoo. Mama amejichoma."

Alimkuta Fatu nyuma ya jiko. Mbele yake palikuwa na jiwe na korosho mbichi zilizopondwa. Alikuwa amepaka mafuta ya maganda shavuni, kutoka kwenye sikio hadi karibu na mdomo. Kila mtu wa Newala anayajua mafuta yale. Wabanguaji wa korosho huyaogopa kuliko moto, maana yanaunguza ngozi. Fatu alikuwa ameyapaka tangu asubuhi, na shavu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi na kuvimba. Jicho la kushoto lilikuwa linafumba.

"Kwa nini?" Fakihi aliuliza.

"Nilitaka nikichome," Fatu alisema. "Kile kinachonichoma. Nilidhani kikiungua kitakufa."

Sophia alifika. Hakuuliza maswali. Aliagiza maji na sabuni, maji mengi. Ndoo tatu za maji zilizokuwa zimebaki kwa wiki nzima zilimwagwa zote kwenye uso wa Fatu, na kila tone lilipogusa shavu, Fatu alipiga yowe. Majirani walisimama uani. Fakihi alimshika mkewe mabega. Alitamani ardhi impasukie.

Walifika hospitali ya Masasi jioni ileile. Wauguzi wakamsafisha na kumfunga. Walimlaza siku tisa. Malengelenge yalipasuka, ngozi ikatoka. Jicho lilipona, kwa rehema ya Mungu, maana mafuta yalikuwa yameishia upana wa kidole kutoka kwenye kope.

Siku ya pili Daktari Lameck alimwita Fakihi pembeni.

"Baba, dawa iliacha kufanya kazi? Au iliisha?"

Fakihi aliangalia viatu vyake. "Niliitupa mimi," alisema. "Chooni."

Akaeleza yote. Posa, mjomba, benchi, aibu. Alisubiri kugombezwa. Angeona nafuu kama angegombezwa.

"Dawa hii haiponyi neva," daktari alisema. "Inaituliza tu, kama mkono uliomshika ng'ombe mkali kwa kamba. Ukiiachia kamba ghafla, ng'ombe anakurudia, pengine kwa nguvu zaidi. Na kuna wengine wakiacha ghafla hupata degedege, hata kama hawakuwahi kuwa na kifafa. Kama mlitaka kuacha, mngekuja. Kuna wakati tunapunguza kidogo kidogo, kwa miezi. Hatukati kwa siku moja."

"Nilidhani amepona."

"Wengi hudhani hivyo."

Fakihi akauliza, "Uso wake utarudi?"

"Kidonda kitapona. Kovu litabaki."

Daktari hakuondoka. Alikaa kwenye benchi kando yake.

"Na kuhusu kifafa, baba. Kifafa hakiambukizi kwa kukaa benchi moja. Si laana. Ni ugonjwa, na wengi wenye nacho wakimeza dawa vizuri wanalima, wanafundisha, wanaoa na kuolewa. Ulimkinga mkeo na neno ambalo halikustahili kuogopwa."

Dawa ilianza upya, nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Wiki ya tano ndipo Fatu alipolala akiwa ameegemea mto kwa upande wa kushoto. Daktari alisema kwamba ikitokea siku dawa hii imeshindwa, zipo nyingine, na upo upasuaji katika hospitali kubwa. Wasikate tamaa na wasijitibu.

Fatu alipotoka hospitali, Fakihi alipanda gari akaenda Nanganga peke yake. Alimkuta mjomba wa Khalidi nyumbani kwake, akamweleza kweli yote, pamoja na ile ya choo. Mjomba alimsikiliza vizuri. Alimpa chai. Kisha akasema kwamba familia imeshaamua, na kijana atatafutiwa kwingine.

Fakihi alirudi na habari hiyo. Rukaiya alikuwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ulimwambia kweli yote?"

"Yote."

"Basi," Rukaiya alisema. Alikata uzi kwa meno. Baadaye, bila kumtazama, akasema: "Baba, mimi sikukuomba ndoa ya kununuliwa kwa shavu la mama."

Posa ya Nanganga haikurudi, na Khalidi alioa mwezi wa pili uliofuata.

Mwezi wa kumi na mbili, kabla ya harusi hiyo, Fakihi alipeleka korosho zake ghalani kwenye chama cha msingi. Watu walikuwa wengi, wamekaa juu ya magunia wakisubiri mzani. Mkulima mmoja aitwaye Ashraf akasogea karibu naye. Ashraf alikuwa mtu mzima, mrefu, na siku hizi alikuwa anatembea amejikunja, mkono ubavuni.

"Baba Rukaiya," alinong'ona, "nisikilize. Mwaka jana niliugua mkanda wa jeshi. Vipele vilikauka zamani. Lakini hapa ubavuni bado panawaka. Shati likinigusa, kama nimemwagiwa maji ya moto. Nimesikia mkeo alikuwa na maumivu ya namna hiyo, na ametulia. Nigawie hivyo vidonge. Hata vitatu tu."

"Vidonge sigawi," Fakihi alisema. Hakunong'ona. "Vile vina kipimo chake. Vinaweza kukudhuru, na pengine wewe utapewa dawa nyingine kabisa. Lazima upimwe."

"Ni dawa gani hasa?" Ashraf aliuliza.

Watu wawili watatu juu ya magunia walikuwa wamegeuka. Fakihi aliwaona. Mmoja wao alikuwa na ndugu Nanganga. Safari hii hakurudi nyuma.

"Ni dawa ya kifafa," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwenye mzani. "Mke wangu hana kifafa. Ana ugonjwa wa neva, na dawa hiyo inautuliza. Na angekuwa na kifafa angemeza hiyohiyo, na angekuwa mke wangu vilevile. Mimi niliona aibu nikaitupa. Mnaouona uso wake mnajua kilichotokea."

Mpima mzani alishika gunia bila kuliweka.

Ashraf alijikuna kidevu. "Sasa niende lini?"

"Jumatatu. Tutakwenda wote. Mama Rukaiya naye ni siku yake."

Jumatatu walikwenda watatu. Siku hiyo Daktari Lameck alikuwa amekuja Newala kuona wagonjwa. Ashraf alivua shati, akapimwa, akaulizwa maswali mengi, akaandikiwa dawa yake, na akaelezwa dalili za hatari mara mbili mpaka akazirudia mwenyewe kwa mdomo wake. Fatu alipokea vidonge vyake vya mwezi mzima. Kovu lake lilikuwa jeusi na limekunjamana, na kanga ilikuwa mabegani.

Njiani kurudi, Fatu alisema ana njaa. Wakasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anauza muhogo wa kuchoma. Fatu alichagua kipande kikubwa, kigumu, chenye kuungua pembeni. Akakitafuna polepole upande wa kulia, wenye meno, mpaka kikaisha. Fakihi alisimama kando yake, akisubiri, wala hakumharakisha.